Nyuzi Nne za Mkono wa Kushoto

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, Mwamvua alikuwa anang'oa magugu shambani mwake, upande wa Mbwera, mkono wake wa kushoto ulipoanza kutoa baridi. Akaufuta kwenye khanga, akamaliza kipande kilichobaki, kisha akapanda dunguni, kile kibanda cha juu ya miti ambamo watu wa delta huhamia msimu mzima kulinda mpunga. Akashika kichupa cha insulini cha binti yake. Kikapoa.

"Umekuja kwa wakati wake," aliuambia mkono, akashuka kupika.

Binti yake, Yasmini, alikuwa na miaka kumi na miwili na ugonjwa wa sukari. Alichomwa sindano asubuhi na jioni, na dawa yenyewe haitaki joto. Zamani ilikaa kwenye friji la mafuta ya taa la zahanati, mpaka bwana mmoja wa ofisini alipolichukua likatengenezwe. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinafanywa biashara. Baada ya miezi miwili friji lilionekana Kibiti, kwenye duka jipya, limejaa soda, na mlangoni bado lina karatasi ya ratiba ya chanjo. Watu wa Mbwera waliliona. Wakasema la kuvunda halina ubani, wakanunua soda.

Mwamvua hakunywa. Alijaribu kuipoza dawa kwa mtungi wa maji, lakini katika joto la mwezi wa pili hata mtungi huchoka. Dawa iliharibika. Yasmini alikunywa maji bila kukoma, akatapika, akalala asiamshike, akapelekwa hospitali kwa mtumbwi na kisha kwa gari. Alipofumbua macho siku ya tatu, Mwamvua alilia kwa hasira, akaapa kwamba jambo lile halitamfika mwanawe mara ya pili. Mkono ulianza kutoa baridi wiki iliyofuata, Jumatatu ile.

Mrisho, mganga wa zahanati, alimfumbatisha kipimajoto kilichobaki friji lilipochukuliwa.

"Nyuzi nne," alisema. "Sawasawa kabisa, Bi Mwamvua."

Akaandika kwenye taarifa ya mwezi: baridi ipo. Mrisho hakuwa mtu wa kusema uongo.

Mwamvua akajifunza kupalilia kwa mkono mmoja na kulala mkono wa kushoto ukiwa nje ya shuka. Jirani yake Biasha akaja na kikapu cha kamba wabichi.

"Nishikie mpaka mashua ije, shoga."

"Mkono mmoja, kazi moja, shoga. Kawakaushe."

Biasha alinuna siku mbili, kisha akarudi kumsaidia kupalilia.

Mwezi wa tatu ikaja barua yenye mhuri kutoka ofisi ileile. Mrisho aliisoma kwa sauti, Mwamvua akiwa amesimama mlangoni na kichupa kipya kiganjani. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa zahanati sasa ina baridi, ombi la friji jingine limefungwa. Tena kifaa kinachotoa baridi hiyo ni mali ya umma, na ni marufuku kukitoa nje ya jengo.

Mrisho aliikunja barua taratibu. "Wanataka ukae hapa, Bi Mwamvua."

"Na mpunga?"

"Hawakutaja mpunga."

"Na Yasmini yuko dunguni peke yake."

"Hawakumtaja."

Mwamvua akalitazama jua. Saa ya sindano ya jioni ilikuwa inakaribia, na maji ya mto yalikuwa yanaanza kupwa.

"Wakiuliza, waambie friji limekwenda kutengenezwa," alisema. "Wao wenyewe wanajua huwa linachukua muda gani."

Akateremka kwenye mtumbwi. Biasha alikuwa anamsubiri, maana kwa mkono mmoja hawezi kupiga kafi. Walipofika, Yasmini alikuwa ameketi kwenye ngazi ya dungu, bomba la sindano ameshalichemsha. Mwamvua akakunjua vidole, akampa kichupa, naye akavuta dawa hadi kwenye alama yake.

"Ya leo baridi sana, mama."

"Ichome hivyohivyo."

Kibiti, soda nazo zilikuwa baridi.