Picha Kubwa ya Mukantwari

Chumba changu cha mbele hapa Gitega kilikuwa kikubwa kupita haja, basi marehemu mume wangu akakigawa kwa ukuta wa mbao, tukapata wapangaji wawili. Upande mmoja Gasana, fundi wa nguo. Upande wa pili Maneno, mpiga picha. Mimi nakaa nyuma, uani, na wote wawili nilikuwa nawapikia chai.

Gasana alifiwa na mkewe, Mukantwari, mwaka wa sabini na saba. Tangu matanga yaishe, cherehani yake haikupumzika. Alishona asubuhi, alishona mvua ikinyesha, alishona hata nguo ambazo hakuna aliyeziagiza, makoti ya watoto, akawa anayatundika tu kwenye msumari. Ukimpa pole anaitikia huku mguu unakanyaga. Picha ya mkewe hakuwa nayo hata moja. Ile ya kitambulisho ilirudi ofisi ya komini pamoja na kitambulisho chenyewe.

Binti yao Mukamana alipochumbiwa na kijana wa Kicukiro, alimwambia baba yake hataki kabati wala godoro. Anataka sura ya mama yake, kubwa, aondoke nayo siku ya ndoa. Na ndoa ilikuwa Jumapili.

Maneno hatupi filamu. Alipekua makopo yake mpaka akaipata ile aliyompigia Mukantwari picha ya kitambulisho, ndogo kama stempu. Gasana aliposikia aliacha cherehani, akaja hadi mlango wa chumba cha giza anamosafishia Maneno picha.

“Imeonekana?”

“Imeonekana. Ingia, funga pazia.”

Mimi nilikuwamo humo na birika. Maneno akapandisha kichwa cha mashine yake ya kukuzia mpaka karibu na dari, maana picha ikitakiwa kubwa, taa hupanda juu. Sura ya Mukantwari ikashuka mezani, nyeupe palipo peusi na nyeusi palipo peupe. Akazungusha lenzi taratibu, akainama na kioo chake, anatafuta zile chembe za filamu. Chembe zikisimama mojamoja kama mchanga uliochekechwa, basi picha imekaa.

“Imekaa,” akasema.

Gasana akatazama, akatoka. “Uniite ikiwa tayari. Nina suruali za watu.”

Maneno akazima taa, akaweka karatasi, akawasha, akahesabu kwa mdomo, akaitumbukiza karatasi kwenye dawa. Ukatoka ukungu mtupu.

“Huyu iko nani?” Gasana akauliza alipoitwa. “Mimi nilioa moshi?”

“Ngoja, fundi. Lenzi imepata mvuke.”

Lenzi ikafutwa. Gasana akaja, akaona imekaa, akarudi kushona. Ukungu tena. Siku iliyofuata Maneno aliacha taa ipate moto kwanza, filamu isijikunje. Akaibana filamu kati ya vioo viwili. Akabadilisha karatasi. Mezani kope zinahesabika, kwenye karatasi hakuna kope. Na picha ndogo za watu wengine zilikuwa zinatoka safi, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

“Yewe, Bwana Picha!” Gasana alimpigia kelele kupitia mbao, bila kusimamisha mguu. “Makuli wa Nyabugogo unawatoa na ndevu zao zote. Mke wangu tu ndiye hana macho?”

“Mkeo alitikisika.”

“Mukantwari? Oya, hapana! Yule akikaa, amekaa.”

Jumamosi asubuhi Maneno aliniambia anajaribu mara ya mwisho, ikishindikana msichana ataondoka na ukungu wake. Gasana alikuja, akaona, akarudi kwake. Nikaweka kikombe cha Maneno mezani, chini ya taa nyekundu ya chumba cha giza. Alikuwa katikati ya kuhesabu. Chai ikaanza kutetemeka, viduara vidogo vidogo, na hakuna aliyeigusa. Nikaweka kiganja juu ya meza.

“Maneno, meza yako inakimbia.”

Akashika nguzo ya mashine. Ilikuwa inatikisika, maana kichwa chake kilikuwa juu kabisa, si chini kama kwa picha ndogo. Meza ile imepigiliwa kwenye ukuta wa mbao, na upande wa pili cherehani imeegemea ukuta huohuo.

“Gasana! Simamisha mguu!”

“Kuna nini?”

“Wewe ndiye unayemfuta mkeo.”

Cherehani ikanyamaza.

“Mpaka lini?”

“Mpaka nikuambie.”

Nikatoka nikazunguka upande wake. Alikuwa amekaa, mikono juu ya kitambaa, mguu ameuinua juu ya kanyagio kama anayeogopa kuligusa. Macho kwenye sindano. Sikuwahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya tangu matanga. Maneno akaita kupitia mbao.

“Tayari!”

Picha ilitoka na kope, na kovu dogo la kwenye nyusi, na nyuzi za blauzi. Gasana aliishika dirishani, bado inachuruzika maji. Usoni macho yake hayakukaa sana. Kidole kikashuka shingoni.

“Hii kola nilishona mimi. Upande huu umepanda.”

“Kidogo,” nikasema.

“Siyo kidogo, nyogokuru, bibi yangu. Niliikimbiza, nikawahi kazi za watu. Akaenda nayo kupigwa picha, na hakusema.” Akamgeukia Maneno. “Huwezi kuiharibu hapa shingoni tu?”

“Naweza. Rudi ukanyage.”

Wakacheka. Gasana alicheka muda mrefu kuliko mzaha wenyewe.

Mukamana aliondoka Jumapili na ile safi, imeviringishwa ndani ya kanga. Maneno alipotaka kutupa zile za ukungu, Gasana alimwomba moja, akaipigilia kwenye ukuta wa mbao, juu ya cherehani. Akishona, nayo inatikisika.

Nilimuuliza kwa nini hakutaka kutolewa nyingine safi.

“Katika hii,” akasema, “kola iko sawa.”