Taa Inayotetemeka

Shemeji yangu ana mkono mwepesi wa kupiga, na kila mtu katika kiwanda chake cha mbao analijua hilo. Siku ile mlinzi wa getini alinifungulia akiwa na jicho moja tu linaloona. La pili lilikuwa limevimba na kufunga kabisa.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Bosi. Kuna mbao zimeibwa, akatupanga mstari, akawa anatutazama mikono. Anasema anayetetemeka ndiye mwizi." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mimi nina malaria, fundi. Nimetetemeka bure."

Sikucheka. Mke wa bosi huyo ni dada yangu wa tumbo moja, na wakati huo alikuwa amelazwa hospitali, taya limevunjika na mkono umefungwa plasta. Alisema ameanguka kwenye ngazi za ofisini. Kabla ya hapo aliwahi kuanguka bafuni, na kabla ya bafuni alianguka akishuka kwenye gari. Msichana aliyekuwa akikimbia na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga tone, ameolewa tu akaanza kuanguka! Nilimuuliza mpaka nikachoka. Askari wa kike naye akamuuliza, na jibu likawa lile lile: "Nilianguka." Bila neno lake na bila shahidi hakuna kesi, na siku ya kuruhusiwa angerudi nyumba ile ile. Nilijua safari nyingine hatalazwa. Atazikwa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Sanduku linalohifadhi picha za kamera za kiwanda lilikuwa likipiga kelele tangu wiki iliyopita, na shemeji akanipigia simu kana kwamba hakuna lililotokea. "Shemeji, njoo ulitazame hilo dude, limekufa." Nilikubali huku damu inanichemka, kwa sababu nilitaka kuziona ngazi hizo kwa macho yangu. Zilikuwa tatu tu, na ya chini imefunikwa na vumbi la mbao, laini kama godoro.

Sanduku nalo halikuwa limekufa. Ndani yake mna diski nne, kila moja kwenye droo yake yenye kitaa mbele, zimepangwa kwa mtindo tunaouita RAID. Kila picha inakatwa vipande na kugawiwa diski zote, pamoja na akiba ya kutosha kujua kipande kinachokosekana. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinakumbuka ilikuwa na nini na kazi inaendelea. Zikifa mbili, umekwisha. Iliyokufa ilikuwa ya tatu. Nikaitoa, nikachomeka mpya, tupu kabisa, na zile nyingine zikaanza kuijaza kidogo kidogo, kazi ya saa nyingi. Taa za diski nzima zilikuwa za kijani, zimetulia tuli. Taa ya ile mpya ilikuwa inatetemeka mfululizo.

Nikampigia shemeji kumpa habari, na sifa za kazi zikaniponza.

"Shemeji, hakijapotea kitu! Imekufa moja tu. Picha za wiki nzima zimo."

Kimya. Kisha akasema, "Usiguse chochote. Nakuja."

Mtu hapewi habari njema akanyamaza hivyo. Nikafungua picha za siku aliyoanguka dada.

Kamera ya ofisini imefungwa juu ya mlango na inanasa sauti pia. Nilimwona dada akiingia na chakula cha mchana. Nilimwona shemeji akionja, akisema kimepoa. Akamshika nywele, akambamiza uso kwenye kona ya meza. Dada alipodondoka chini, yule bwana akaokota kipande cha ubao na kumpiga nacho kwenye mkono aliojikinga nao, kisha akampiga tena pale pale. Mfupa ulisikika. Nililia kwa sauti, nikatukana matusi ambayo mama yetu hajui kwamba nayajua.

Nilikuwa napekua mkoba kutafuta flashi niinakili picha hiyo wakati mlango ulipopigwa teke.

Aliingia na nyundo. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Akanizaba kibao nikaona nyota. "Mimi na wewe ni watani, shemeji, tusidanganyane. Ipi kati ya hizi ina siku ile?"

Alitaka kuvunja moja tu. Picha za wezi wa mbao alizihitaji. Dhambi zao zibaki, zake zifutike. Alidhani siku zimepangwa mle kama vitabu kwenye rafu. Nami nikaona balaa lililokuwa mbele yangu. Akichomoa yoyote kati ya zile tatu nzima, ushahidi wa dada yangu umekwenda. Ile mpya angeweza kuiponda, hata kuitafuna akitaka, isingepungua picha hata moja.

"Sijui," nikasema.

Akanikamata mkono wa kushoto, akaulaza mezani, akaushushia nyundo. Vidole viwili vilivunjika kwa mkupuo. Nilipiga yowe ambalo mlinzi aliniambia baadaye kwamba alilisikia getini, pamoja na mngurumo wote wa misumeno.

"Ipi?"

Kama ningemtajia ile ya tatu asingeniamini. Mtu wa kupiga haamini jibu analopewa, anaamini analolichuma mwenyewe. Akaweka kidole kwenye droo ya kwanza, akanitazama. Hakunitazama usoni. Alinitazama mikono.

Nikalikumbuka jicho la mlinzi.

Maumivu yalikuwa yamenipanda mpaka begani na kila kiungo changu kilitaka kutetemeka, lakini nikajikaza kisabuni, nikaubana ule mkono kifuani. Akahamia droo ya pili, akakivuta kidogo kishikio chake. Roho ilinipaa. Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu, na sikutikisika. Kidole kilipofika ya tatu, nikauachia mwili. Nikatetemeka mikono, magoti, meno. Wala sikuwa naigiza. Mtetemeko wote nilikuwa nimeuweka akiba.

Akatazama mikono yangu. Akatazama kitaa kinachotetemeka. Akatabasamu.

"Kumbe hii."

"Usiitoe, shemeji, nakuomba!"

Akaichomoa, akaitupa sakafuni, akaiponda kwa nyundo mpaka sahani zake za ndani zikapinda na vipande vikarukia chini ya kabati. Nilipojaribu kuinuka akanipiga teke la mbavu, akanipiga na la pili nikiwa chini.

"Na wewe umeanguka. Umesikia? Ngazi hizo hizo."

Akazoa vipande na kwenda kuvitupa kwenye tanuru la kukaushia mbao.

Sanduku lilikuwa linapiga kelele ile ile ya wiki iliyopita, ya kusema diski moja haipo na zilizobaki zinaendelea na kazi. Na kamera ya juu ya mlango haikuwa imefumba jicho hata mara moja. Nikaipata flashi, nikaichomeka kwa mkono mzima. Nikanakili picha ya dada, kisha nikanakili na yangu. Niliposikia mlango wa tanuru ukifungwa kwa kishindo, nilikuwa nimeshafika uani.

Mlinzi alifungua geti kabla sijamwomba. "Kimbia, fundi. Akiniuliza, nitamwambia homa ilinizidi, sikukuona."

Nilimpitia askari wa kike kituoni, tukaenda wote wodini. Dada aliponiona nilivyovimba, akaniuliza kupitia meno yaliyofungwa waya, "Umepatwa na nini?"

"Nimeanguka," nikamjibu.

Akanitazama bila kupepesa. Nikaiweka kompyuta yangu mapajani mwake. Picha yake sikumwonyesha, hiyo anaijua. Nilimwonyesha yangu. Aliiona nyundo ikishuka. Alinisikia nikipiga yowe, mimi mdogo wake, niliyekuwa nikibebwa naye mgongoni kwenda shule. Alimsikia mumewe akinifundisha la kusema. Mkono wake usio na plasta ulikuwa unatetemeka juu ya shuka, nikaufunika kwa wangu ulio mzima.

Askari akakohoa. "Mama, nakuuliza tena. Ulianguka?"

Dada akavitazama vidole vyangu, kisha akamgeukia. Mdomo ulifunguka kidogo tu, lakini neno lilitoka lote.

"Hatukuanguka."