Kozi Zilipokuja Kumposa Nasambu

Jumanne saa nne asubuhi, Nasambu aliketi kwenye kompyuta ya tatu katika saiba ya Shoaib, karibu na soko la Kibuye, akajaza kozi nne alizotaka kusomea chuo kikuu. Stima ilipotea mara moja, ikarudi. Shoaib alimchapishia karatasi, akaipiga muhuri ambao haukuhitajika, kisha akauliza bila kuinua macho:

"Nyumbani viti iko ngapi?"

"Sita."

"Azima zingine. Watakuja Jumamosi. Na pilipili msiweke. Sheria akikohoa mnapelekwa kotini."

Ndivyo ilivyo Kisumu. Ukishaandika kozi zako, zinakuja nyumbani kukuposa. Zinakula, zinaulizwa maswali na wazazi, halafu unarudi saiba kabla mtandao haujafungwa na kuweka nambari moja ile uliyoikubali. Mwaka huo mtandao ulikuwa unafungwa Jumapili jioni.

Nasambu alikuwa amepata B+ katika mtihani wa kidato cha nne na alikuwa na neno moja moyoni: Sayansi ya Samaki. Alikulia Nyalenda akimsaidia mama yake, Mercyline, kukaanga ngege, samaki wa ziwani, wa kuuza, na kila mwaka ngege walikuwa wakizidi kuwa wafupi. Alitaka kujua kwa nini, mpaka usingizi ukawa unamkimbia. Baba yake, Mzee Wepukhulu, fundi wa kuchomelea mageti, alitaka Udaktari. Alikuwa amekwisha kutangaza kanisani, na mtaa mzima ulikuwa ukimwita Baba Daktari. Aliitika vizuri sana, wakati mwingine kabla hajaitwa.

Jumamosi, Ualimu alifika saa mbili asubuhi, kuku akiwa bado anatembea uani. Akasalimia kila mtu kwa jina, akaomba kisu amenye viazi. Mercyline alimpenda ila hakusema, maana mgeni anayewahi hudhaniwa ana njaa. Sheria alikuja saa tano, akasimama mlangoni robo saa akieleza kwa nini hawezi kuketi kabla ya kukaribishwa rasmi. Alipokaribishwa, alieleza tena akiwa ameketi.

Sayansi ya Samaki alikuja kwa boda. Aliacha gambuti zake za mpira mlangoni, zikatoa kidimbwi ambacho hakikukauka mpaka Jumatano. Alikuwa mfupi, na mikononi alikuwa na magamba mawili matatu ambayo hakuyaficha. Moja kwa moja akaenda jikoni, akamfunua shavu samaki mmoja kwenye karai.

"Mama, huyu ni wa Alhamisi."

"Nyamaza, customer asisikie," Mercyline akasema, akamwongezea ugali.

Nasambu alimfuata nje alipokuwa akinawa mikono.

"Kwani kwa nini wanakuwa wadogo hivi?"

"Nusu najua, nusu sijui," Sayansi ya Samaki akasema. "Ile nusu ingine tutatafuta na wewe miaka nne. Lakini utalowa."

"Sijali kulowa," Nasambu akasema, na moyo ukamdunda kwa furaha hadi akaona haya.

Udaktari alifika saa nane. Gari lake, lililokuwa limetoka Milimani, mtaa wa matajiri, liliziba njia nzima, na jirani yao Obiero akalazimika kungoja na mkokoteni wake wa maji. Udaktari hakuketi.

"Mgonjwa ako wapi?"

"Hakuna mgonjwa, Daktari," Wepukhulu akasema. "Kuna msichana."

"Ah. Msichana." Akaangalia saa. Hiyo ilikuwa nyumba yake ya arobaini siku hiyo.

Hapo ndipo Wepukhulu alipofanya kosa. Kwao, kuku akipikwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akimpa mgeni, amempa neno lake, na neno hilo halirudishwi kwa mdomo mtupu. Wepukhulu aliinua bakuli kwa mikono miwili na kumpa Udaktari. Ualimu akaacha kutafuna. Sayansi ya Samaki akaangalia miguu yake. Udaktari akaimeza firigisi akiwa wima, akapima ulimi wa Wepukhulu, akasema apunguze chumvi, akaondoka.

Nasambu akaingia jikoni. Aliosha sahani zote, hata zile safi.

Jioni alimsaidia baba yake kurudisha viti walivyoazima kanisani. Walitembea mwendo mrefu, kila mmoja na viti vinne kichwani.

"Yule mtu alimeza firigisi yangu kama panadol," Wepukhulu akasema mwishowe. "Hata hakutafuna."

"Niliona, Baba."

"Nimekosea. Nilipeana neno langu, na lako sikuuliza." Akahamisha viti begani. "Nilikuwa napenda vile wananiita."

"Na wakiendelea kukuita?"

"Nitaitika. Jina si ugonjwa."

Kulifuta neno la firigisi kunataka kuku mwingine. Jumapili baada ya ibada, Wepukhulu alimchinja kuku wa mayai, wa pekee aliyebaki, na Mercyline hakulalamika hata kidogo. Sayansi ya Samaki alikuwa karibu, kwa kuwa alilala kwenye pipa la maji la Obiero, ambaye alimwomba tu asigeukegeuke. Alipewa firigisi akaitafuna polepole, macho ameyafumba. Saa kumi na moja, Nasambu alimweka nambari moja. Shoaib akapiga muhuri mara mbili. Walirudi nyumbani wakiimba, na Obiero aliwaambia majirani kwamba kuanzia leo huyu ni Baba Samaki.

Baada ya miezi miwili ujumbe uliingia kwenye simu. Nasambu alikuwa amepewa Kilimo cha Nchi Kavu, katika chuo kilicho mbali mwendo wa kutwa nzima. Alikuwa hajakiandika popote. Alilia, na Mercyline akalia naye, mafuta yakiungulia jikoni.

Sayansi ya Samaki alikuja kutoa pole siku hiyohiyo.

"Mimi nimepewa watu arobaini," akasema. "Thelathini na moja hawakuli samaki. Mmoja anaogopa maji ya beseni. Niliuliza juu yako, nikaambiwa mashine imeshaamua."

Kesho yake asubuhi, Kilimo cha Nchi Kavu alibisha hodi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vumbi hadi kwenye kope, na begi moja. Alikunywa jagi tatu za maji, akashukuru baada ya kila moja, kisha akaomba kwa adabu aonyeshwe ziwa. Nasambu alikuwa amekusudia kumchukia, lakini mgeni ni mgeni. Akampeleka ufuo wa Dunga.

Kilimo cha Nchi Kavu alisimama ukingoni muda mrefu.

"Hii yote ni maji?"

"Yote."

"Na mnaiacha tu hapo?"

Nasambu alicheka bila kutaka, akacheka tena kwa kutaka.

"Mimi sikukuandika," akamwambia.

"Najua. Hata mimi niliomba watoto wa kwetu, wenye wanajua jua. Wao wamepewa Ubaharia."

"Nikikukataa?"

"Unaruhusiwa. Unaandika barua unapeleka ofisini. Mwaka jana waliandika watu mia tatu, na wote walijibiwa."

"Walijibiwa nini?"

"Mimi tena," akasema kwa upole.

Nasambu alivua viatu. Halafu akamshika mkono, akamwonyesha mahali pa kukanyaga bila kuteleza, naye Kilimo cha Nchi Kavu akatia mguu mmoja ziwani kwa mara ya kwanza. Basi lao lilikuwa linaondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na tiketi zote mbili zilikuwa zimekwisha kukatwa.