Konzi ya Cheri

Mtu asiniambie nipunguze hasira. Nimeshaambiwa na wifi yangu, nimeambiwa na majirani, na mwenye mguu mwenyewe naye akathubutu kuniambia. Wote nimewajibu jibu moja: hasira hizi ni zangu, nimezitolea jasho, na nitazipunguza siku nitakayotaka mwenyewe.

Mume wangu ni mpishi wa keki. Mtaa mzima unamwita Fundi, na hata mimi nimezoea. Duka lake liko mtaa wa pili kutoka nyumbani. Mbele kuna kaunta ya kioo, anapokaa wifi yangu, dada yake mkubwa, akiuza na kupiga soga na wateja. Nyuma kuna jiko lenye oveni mbili na meza ya marumaru ambayo mtu mwingine akiigusa tu, Fundi anakosa usingizi. Hapo ndipo anaposimama tangu alfajiri mpaka jua linakuchwa, akikanda, akipamba, akichemsha shira. Na kisukari anacho, anacho kwa miaka. Miaka yote hiyo alikuwa akionja shira kwa ncha ya kijiko, anatema, ananiapia kwamba hamezi. Nami nikamwamini, maana mwanamke ukianza kumchunguza mumeo mate utamaliza lini?

Halafu kiatu kipya kikamchuna kidole gumba cha mguu. Hakusikia maumivu, nyayo zake zilishakufa ganzi siku nyingi. Mimi ndiye niliyeona doa kwenye soksi wakati nafua. Nilimkokota hospitali siku ile ile, huku analalamika kwamba namwaibisha kwa kidonda kisichozidi ukucha.

Daktari hakuzunguka. Alikitazama kidole kwa muda, akavua glavu, akasema, "Mzee, sukari yako ikishuka na ikabaki chini, hiki kitapona. Ikiendelea kukaa huko iliko, tutakikata. Na tukichelewa, hatutaishia kwenye kidole."

Fundi alicheka kicheko cha uwongo. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona amekaa kwenye kiti mbele ya ile meza yake ya marumaru, mtu ambaye hajawahi kupamba keki akiwa amekaa, na nikajua kwamba wakimkata mguu watakuwa wamemkata mikono pia.

Tukapelekwa chumba cha lishe. Dada wa lishe alikuwa binti mpole, mwenye sauti ya chini, na kwa sauti hiyo hiyo ya chini alimpokonya Fundi karibu kila kitu alichokuwa akikipenda duniani. Soda, hapana. Biskuti, hapana. Keki, hata asiiulizie. Alipomaliza akamwuliza kama ana swali. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, akauliza, "Sasa mwanangu, mimi kitamu changu kitakuwa nini?"

Binti wa watu akamwonea huruma. Akamwuliza anapenda tunda gani.

"Cheri," akasema Fundi, kabla hata swali halijaisha.

"Cheri mbichi unaweza kula," akasema. "Konzi moja kwa siku, pamoja na chakula chako, na si zaidi. Ule tunda zima, si juisi wala jamu. Na zile zilizokaa kwenye shira, za kuwekwa juu ya keki, hizo usiziguse kabisa. Pima sukari uone mwili wako unazipokeaje, na dawa zako uendelee nazo kama kawaida." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye utakayemsimamia."

Utadhani mguu ulikuwa wangu.

Basi nikamsimamia. Cheri kwetu hazipatikani kila kona. Nilikwenda soko kubwa, nikamganda muuza matunda mpaka akaanza kunikwepa, na bei yake ikanikausha mate lakini nikanunua. Nilichagua moja moja, nikatupa kando zilizopondeka. Kila asubuhi nilikuwa naziosha, nazikausha kwa kitambaa, namwekea kwenye kikopo cha plastiki pamoja na chakula chake cha mchana. Siku ya kwanza alilalamika kwamba konzi yangu ina mkono wa birika, apimiwe kwa yake. Tukapima kwa yake. Jioni kikopo kilirudi kitupu, na yeye ananiambia, "Ahsante, mama watoto. Zilikuwa tamu kweli kweli." Nami, bwege wa mabwege, nikaona fahari.

Lakini mashine ya sukari haina aibu. Kila jioni nilimtoboa kidole cha mkono, tone la damu likaingia kwenye kile kikaratasi, na namba ikatoka ya kunikatisha tamaa. Nikapunguza viazi. Nikaondoa mkate mezani, nikaacha na mimi kula mkate ili asijisikie vibaya. Namba haikushuka. Nikaanza kujishuku mwenyewe, labda mafuta, labda chumvi, labda nachemsha maharage vibaya, kana kwamba kuna namna ya kuchemsha maharage ikatia sukari. Nyumba ilinuka dawa ya kidonda. Yeye anakula, anashukuru, analala usingizi wa pono.

Tuliporudi hospitali, daktari alisoma zile namba, akanirukia mimi. "Mama, unampikia nini huyu mzee?"

Nikajibu kama mshtakiwa. Mboga za majani, daktari. Maharage. Samaki wa kuchemsha. Nikaeleza mpaka ukubwa wa kijiko.  Fundi alikuwa ubavuni kwangu, kwenye kiti, anatazama feni ya darini inavyozunguka.

"Basi hapa kuna mtu anamdanganya mwenzake," akasema daktari. "Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Safari ijayo, mama, usiniletee hadithi."

Usiniletee hadithi! Mimi, niliyelala njaa ya mkate! Nilitoka pale masikio yanawaka. Njia nzima nilikuwa nawaza ni nani anayemlisha mume wangu, na jibu likaja upesi kuliko inavyofaa: wifi. Nani mwingine? Keki zikikatwa kusawazishwa yale makombo huwa yanabaki kwenye sinia, na yeye anampenda kaka yake kupita kiasi, hawezi kumnyima. Nikalilea wazo hilo siku mbili tatu, likanenepa. Na siku moja mchana, nikiwa nimetoka kumfulia bandeji, damu ikanichemka. Nikajifunga kanga, nikaenda dukani.

Kulikuwa na mteja kaunta, mwanamke amepokea boksi la keki anatafuta namna ya kulishika. Sikumjali.

"Wifi," nikasema, "unamuua kaka yako kwa makombo ya keki."

Wifi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mimi?"

"Wewe. Nani mwingine anayekaa naye kutwa? Unaona raha akikatwa mguu?"

Yule mteja akaondoka na boksi lake, mbio mbio. Wifi akasubiri mlango ufungwe. Halafu akaja juu kuliko mimi.

"Usinivunjie heshima mbele ya wateja wangu, wifi. Mimi sijampa hata chembe. Unataka kujua mumeo anakula nini? Ingia humo jikoni. Ukafunue kile kisufuria kilichowekwa nyuma ya oveni. Mimi nimechoka kuwafichia watu wazima mambo yao."

Fundi alikuwa mezani kwake, ameinama, anakata maua ya sukari. Aliponiona akainua kichwa na akanisalimia kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama anavyofanya akitaka kunibembeleza. Nikampita. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya oveni, nikafunua.

Zilikuwa cheri. Zimelala kwenye shira nzito, nyekundu ya kung'aa, zimejaa na kunona, nzuri za kutamanisha. Pembeni kulikuwa na kikopo changu cha plastiki, kifuniko wazi, na konzi ya asubuhi ile iko ndani, nyingine zimeshatolewa kokwa. Na pembeni ya hapo chujio, linadondosha matone kwenye bakuli la maji ya moto.

Nilielewa yote mara moja, na bado nikauliza. "Hii nini?"

"Mama watoto, ngoja nikueleze."

"Nieleze."

Akafuta mikono kwenye aproni, polepole. "Si kwamba nazila hivyo hivyo zilivyo. Nazisuuza. Maji ya moto, tena mara mbili. Kama tunavyozisuuza kabla ya kuzitia kwenye unga, ili zisizame. Ile sukari inaondoka yote."

"Ile ya nje."

"Ya nje, ndiyo."

"Na ya ndani?"

Akakazia macho chujio.

"Fundi, na ile ya ndani? Nani alinifundisha kutengeneza cheri hizi, si wewe? Si ulinisimamisha hapa hapa tulipooana, ukaniambia kila siku unaongeza sukari kidogo, na maji ya tunda yanatoka, na sukari inakaa mahali pake mpaka katikati? Si uliniambia ndiyo maana hazitaoza hata zikae mwaka? Au alikuwa mume wa mtu mwingine?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua," akasema. "Lakini nikiwa nazisuuza, nilikuwa naona kama sijui." Kisha, kana kwamba hilo halijatosha, akaongeza, "Zile mbichi hazina kitu, mama. Ni maji yenye rangi."

Maji yenye rangi! Cheri zangu! Nilizozichagua moja moja mpaka muuza matunda akanichukia! Kila asubuhi nilikuwa nampelekea mwenyewe, kwa mkono wangu, tena nimezikausha kwa kitambaa safi, malighafi ya kujiulia. Nilikishika kile kisufuria kwa mikono miwili, nikakimwaga kwenye sinki. Shira ilishuka kwa uvivu, cheri zikafuata moja moja.

Na unajua alifanya nini? Alikimbia kuziokoa. Mume wangu aliruka kutoka mezani, mkono mbele, kukinga cheri. Hajawahi kukikimbilia kidole chake hivyo.

"Hicho sicho kilichoniuma zaidi," nikamwambia. "Daktari alinisema mbele yako. Akaniita mwongo. Ulikuwa umekaa ubavuni kwangu unatazama feni."

"Niliona haya."

"Uliona haya, ukanivisha mimi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni anafuta machozi kwa kona ya kitambaa. Nilimgeukia na yeye nimpashe, maana alijua akanyamaza, akamwacha kaka yake aoze kwa sababu ya heshima. Lakini hapo hapo pua ikanikatiza. Nilikuwa nimesikia harufu. Ndani ya jiko lile lenye vanila na siagi na maganda ya limau, chini ya harufu zote hizo nzuri, kulikuwa na harufu nyingine, na ilikuwa inatoka kwenye kandambili ya Fundi. Nilipiga magoti nikafungua bandeji. Tangu nilipokifunga jana jioni, kidole kilikuwa kimebadilika rangi, na weusi ulikuwa unapanda.

Hatukungoja mwisho wa mwezi. Wifi alifunga duka, tukatafuta gari, tukaenda wote watatu.

Daktari alikuwa yule yule. Alifunua, akatazama, akashusha pumzi, na kwa mazoea yake akanigeukia. "Mama, si tulikubaliana?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Mdomo ulijaa. Nikakunja mikono kifuani.

"Daktari, miguu yangu mimi ni mizima. Muulize mwenye mguu."

Fundi alinitazama, akasubiri nimsaidie, kama nilivyomsaidia siku zote, na mimi nikatazama ukuta. Nilishaanza kuamini kwamba hatasema.

Akasema. Alieleza yote, kisufuria, chujio, maji ya moto. Alieleza kwamba mke wake hakukosea hata siku moja. Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee, wewe si mtoto. Kwa nini?"

Fundi akakitazama kidole chake.

"Kwa sababu kila nilipokula," akasema, "nilijua atakayegombezwa ni yeye, si mimi."

Daktari alinigeukia, akainamisha macho. Akageuka tena kwenye mguu. Akatueleza kwamba kidole hakiokoleki, na cha pembeni yake huenda nacho kikaenda, na kwamba lazima iwe leo. Kama kuna zaidi ya hapo, watajua wakishafungua. Wifi akaanza kulia kwa sauti.

Wauguzi walileta kiti cha magurudumu. Walipomkalisha, Fundi akaninyooshea mkono, ule mkono wake mpana tuliopimia konzi. Niliushika, kwa kuwa ni mume wangu na alikuwa anaogopa. Nikatembea naye korido nzima mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, bila kumtazama usoni hata mara moja.