Kioo cha Mlango wa Kushoto

Kioo cha mlango wa mbele wa kushoto kiligoma siku ya Jumanne. Vile vingine vitatu vilikuwa vimekaa sawa tangu jana yake. Fundi alilegeza bolti za reli inayobeba kioo ndani ya mlango, akakisogeza kioo mbele kiasi cha unywele, akakaza, kisha akafunga mlango juu ya kipande cha karatasi na kukivuta. Karatasi ikitoka kwa shida, mpira wa ukingoni umeshika na maji hayapiti. Ikichomoka bila kubishana, kazi bado. Kwa mtindo huo watu walimwita Karatasi. Mkewe alikuwa akimwekea madaftari ya zamani ya watoto katika boksi mlangoni pa gereji, na hakuwahi kuombwa kufanya hivyo.

Gari lilikuwa la kaka yake Karatasi, mwalimu mstaafu. Lilikuwa limelala chini ya turubai miaka kumi na mmoja. Sasa binti wa mwalimu alikuwa ameliomba, na mwalimu, ambaye hajui kumnyima mtoto kitu, alilileta likivutwa kwa kamba.

Karatasi alipaka chaki kwenye mpira mpya wa mlango ule, akafunga, akafungua, akatazama kioo kimegusa wapi. Mstari mweupe ulizunguka kioo bila kukatika popote. Ila kwa ndani, katikati, palikuwa na alama ya kiganja cha mkono wa kushoto. Akaifuta. Akafunga na kufungua tena, kiganja kikarudi. Akakipima kwa rula, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. Alikifahamu. Kilikuwa cha mama yake; kilibanwa na mlango wa jikoni wakati mama yake ana mimba yake ya miezi saba, na mama alikuwa akimtania kwamba hata kabla hajazaliwa, milango ilikuwa na neno naye.

Jumatano saa tisa alasiri, mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha kushoto. Alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Alivaa sweta lake la kijivu, bega la kushoto limelowa chapachapa, na kwa mkono wa kushoto alikuwa amekisukuma kioo juu na kukishikilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mkeo hapiki?"

"Anapika."

"Basi ni wewe huli."

Karatasi akachuchumaa kando ya mlango, spana mkononi. "Mama, achia kidogo nikipange."

"Nikiachia kitashuka."

"Nimeweka bolti mpya. Na mpira mpya."

"Ndivyo ulivyosema na siku ile," mama alisema, bila ukali, kama mtu anayekueleza chumvi ilipo.

Siku ile ilikuwa hivi. Mwalimu alikuwa ameagiza mpira wa mlango huo kutoka mbali, akausubiri miezi mitatu, akaukabidhi kwa mdogo wake. Kesho yake akaja bwana mmoja mwenye gari kama hilo na haraka nyingi, akasifu mikono ya Karatasi mbele ya watu, naye Karatasi akamfungia mpira ule. Kwenye gari la kaka yake aliurudisha mpira mkuukuu kwa gundi, na bolti za kioo akazikaza kwa vidole tu, akijiambia atarekebisha wiki ijayo. "Tayari, kaka," akasema. Katika maisha yake yote ya kazi, hilo ndilo gari pekee ambalo hakulipima kwa karatasi.

Siku tatu baadaye mama alishikwa na homa. Mwalimu alimpakia garini mchana, mvua ikinyesha, wakaenda saa nne nzima hadi hospitali. Njiani kioo kilishuka, mpira ukabanduka. Mama alifariki siku ya tatu, kifua kimejaa. Tangu hapo mwalimu aliamini kwamba amemuua mama yake kwa kutosubiri mvua ikatike, naye Karatasi alimwacha aamini.

"Ulijua?" Karatasi aliuliza.

"Nilipitisha kidole nikaona mpira ni uleule. Lakini kaka yako alikuwa anaendesha huku analia. Nikasema nisimwongezee. Nikakishika kioo."

"Saa zote nne?"

"Sasa ningefanya nini kingine, mwanangu? Kusuka mkeka?"

Karatasi alitazama sakafu. Maji ya begani kwa mama yalikuwa yamefanya kidimbwi, akaleta kitambaa akafuta.

"Umwambie," mama alisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho lilikuwa neno la gereji ile. Hata wateja walikuwa wakilicheka.

Alhamisi mwalimu alikuja. Alimwona mama, akamwamkia, akavua koti lake na kumfunika lile bega lililolowa. Kisha akapiga magoti pale penye grisi, na suruali yake nzuri.

"Mama, nisamehe. Ningesubiri mvua ikatike."

Mama alimtazama Karatasi, aliyesimama na kipande cha daftari mkononi.

"Kaka," alisema. "Mpira huu ni mpya."

"Nauona."

"Safari hii ni mpya kweli."

"Wewe siku zote unaweka mpya," mwalimu alisema, akiinuka na kujipangusa magoti. "Kama si wewe, mdogo wangu, ningemwamini nani?"

Karatasi akaweka karatasi mlangoni, akafunga, akavuta. Ikatoka kwa shida kabisa. Kazi ilikuwa safi, haijawahi kutokea gerejini pale kazi safi kama hiyo. Mama hakuachia kioo. Mwalimu aliliwasha gari, akaondoka taratibu juani, mama pembeni yake na koti begani.

Jioni mke wa Karatasi aliuliza kama shemeji amefurahi.

"Amefurahi sana," Karatasi alisema.

"Nawe unastahili pongezi," mkewe alisema, akamwongezea madaftari kwenye boksi.

Kile kipande cha karatasi kilikuwa kimelowa nusu. Alikianika kwenye waya, mahali penye jua la mchana kutwa, nacho hakijakauka mpaka leo.

Kila Jumapili mwalimu na bintiye hupita na gari mbele ya gereji na kupiga honi. Karatasi hutoka nje akifuta mikono. Mama humpungia kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto una kazi.