Kusalimia Ukuta

Kabla hujakaa vizuri, ngoja nikutege. Kuna kitu mtoto wa kutambaa anakijua bila kufundishwa, kijana anakionea haya, na mtu mzima anakipeleka hospitali. Ni nini? Usinijibu sasa hivi. Kaa nacho tu, jibu litapita mbele yako lenyewe, tena likiwa limevua viatu.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, msichana waliyemwita Mjusi aliamka moyo ukimdunda kama cherehani ya kukanyaga. Cherehani alizijua, maana kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Jina la Mjusi alipewa na wenzake wa parkour, kwa kuwa akishajishika ukutani habanduki. Parkour yenyewe ni mchezo wa kuvuka vizuizi kwa mwili wako tu: unaruka, unapanda, unaning'inia, unabingirika, unatoka hapa unafika pale bila kamba wala ngazi. Hivyo ndivyo wanavyoieleza wanaoipenda. Walinzi wa benki wanaieleza vingine, na Mjusi na wenzake walikuwa wameshafukuzwa kwenye ngazi za benki mpaka walinzi wakawa wanawatambua kwa raba zao.

Kufukuzwa hakukumuumiza sana. Kilichomnyima raha ni watoto wa mtaani kwao, ambao walianza kuwaiga juu ya zege, bila wa kuwaonyesha. Walihitaji mahali pao wenyewe, mahali penye geti, ambapo mtu anafundishwa kwanza ndipo anaruka.

Na mahali palikuwepo. Palikuwa na ua wa bohari la zamani, lenye majukwaa mawili ya zege yaliyotazamana, ambapo zamani malori yaliingia katikati kushusha mizigo. Pembeni kulikuwa na vyuma vya kujishikia, na karibu na geti ukuta mfupi wa kufika kiunoni. Ua mzima ulikuwa kama umejengwa kwa ajili yao. Funguo zilikuwa kiunoni kwa msimamizi, mzee mkavu wa maneno, na Mjusi alipomwendea mara ya kwanza mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, geti liko wazi. Kwa nini mtu apite ukutani?"

"Ni mazoezi, mzee."

"Kufyeka nako ni mazoezi. Majani yako nyuma, njoo kesho na panga."

"Inamfanya mtu ajiamini."

"Mimi najiamini, na napita getini."

Tangu hapo kila walipokutana, mzee alimtazama kama mtu anayemdai jibu, na Mjusi aliangalia raba zake. Hata hivyo mzee akalegea. Akawapa Jumamosi moja, watu waje waone.

"Nikiridhika, ua ni wenu kila Jumamosi," alisema. "Mtu akivunjika hata ukucha, nafunga geti na msinifuate tena. Na pawe pasafi."

Wakapasafisha. Tena sana. Ijumaa alasiri walikuja na ndoo, brashi na sabuni ya unga, wakasugua majukwaa yale mpaka zege likageuka rangi. Aliyekuwa na bidii kupita wote ni kijana waliyemwita Nzige, fundi wa friji, maana yeye ndiye angeruka pengo la lori, kutoka jukwaa hili hadi lile, na mtangazaji wa redio alikuwa ameshalitangaza wiki nzima. Walipofika kwenye kusuuza, bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Wakamwagia maji yaliyobaki, wakapitisha vitambaa, povu likaisha machoni. Mjusi akarudi nyuma, akakunja mikono, akaona kazi imekamilika.

Basi Jumamosi ikafika, watu wakafurika. Manyunyu yalipita asubuhi mapema, yakaacha hewa nzuri. Spika zikaungurumishwa. Langoni kulikuwa na bango alilolishona Mjusi mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya sare: JIFUNZE KUTUA KABLA YA KURUKA. Na chini ya bango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa shangazi yake, dada wa baba yake, anayefanya kazi chumba cha plasta hospitalini, wanakofungwa waliovunjika mifupa. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa mapajani.

"Shangazi, asante kwa kuja kututazama."

"Nani kaja kutazama? Nimekuja kuokota."

Lakini mambo yalianza vizuri hata shangazi akasahau kununa. Watu waliruka mistari iliyochorwa kwa chokaa chini, wakishindana nani atatua bila kusikika. Mwanamume mnene mwenye kofia alitua kimya kama unyoya, ua mzima ukampigia makofi, akaomba arudie. Wengine walivuka ukuta mfupi kwa tumbo, kwa nyonga, kwa namna zao. Na kila aliyetaka kuvuka alifundishwa kwanza desturi ya kundi: kusalimia ukuta. Unaweka kiganja, unapapasa, unasikiliza kama kuna mchanga, ufa au unyevu. Kisha unaweka mguu, unaukandamiza. Ukuta ukikuitikia, ndipo unapita. Watu walicheka, wakausalimia ukuta kwa heshima zote, wengine wakaulizia na hali ya watoto wake.

Kisha umati ukaanza kuita. "Pengo. Pengo. Pengo."

Nzige akapanda jukwaani huku anapunga mikono, Mjusi nyuma yake. Mjusi akachuchumaa ukingoni, akaweka kiganja kusalimia, na kiganja kikaenda. Kikaenda chenyewe, kama mtu kakivuta. Akanusa vidole. Sabuni. Ilikuwa imekaukia pale jana, na manyunyu yakaiamsha.

"Nzige, hapa hapafai."

"Unyevu tu huo, dada. Mimi nimeruka hapa mara ngapi?"

"Uliruka pakiwa na vumbi. Vumbi tumeliosha, sabuni tumeiacha."

Nzige akaweka mguu, akakandamiza. Raba ikateleza, akamshika Mjusi bega. Akatazama chini, watu wamejaa mpaka geti, simu juu.

"Nikianza kukimbia kwa mbali zaidi?"

"Utateleza kwa mbali zaidi."

"Dada, wamekuja kwa ajili ya pengo. Wakiondoka, mzee anatunyima ua."

Mjusi alikuwa ameshamwona mzee. Alisimama kando ya geti, kidole kikizungusha funguo. Jumamosi zote za mbele zilikuwa kwenye kidole kile. Akajua kwamba akisema hapana, watu watazomea na mzee atasikia wanavyozomea. Akajua pia kwamba mguu wa Nzige ni mmoja, na una mwenzake mmoja tu.

"Waambie wewe basi," Nzige akanong'ona. "Mimi ulimi hautoki."

Mjusi akachukua kipaza sauti.

"Pengo halirukwi leo. Jana tuliosha hapa kwa sabuni, hatukusuuza vizuri. Kosa ni letu. Ukuta haujaitikia, kwa hiyo tunashuka."

Zomeazomea ikaanza.

"Mjusi anaogopa ukuta, tangu lini?"

"Waliosha ukuta au waliosha akili?" Huyo alikuwa yule mwenye kofia, aliyetua kama unyoya.

Wakashuka vivyo hivyo, wamegeukia ukuta, mguu mmoja ukitafuta pa kukaa kabla ya mwingine kuondoka, kama wanavyofundisha siku zote. Hakuna kushuka kunakochukua muda kama kushuka unazomewa. Baadhi ya watu walianza kutoka getini. Mzee aliendelea kuzungusha funguo.

Ndipo shangazi alipofunga sanduku lake, akaliweka chini ya kiti. Akavua viatu. Akatembea na soksi zake mpaka kwenye magodoro yaliyotandikwa pembeni, akasimama juu yake na suruali yake ya kazi, mikono kiunoni.

"Mwanangu, leta hicho kipaza sauti." Akakishika kama kijiko. "Jamani, mimi nafunga plasta. Waruka mapengo siwaoni. Naletewa waliokosa ngazi moja, walioteleza bafuni, aliyekanyaga ganda. Wote wameweka mkono mbele, mkono ukavunjika. Sasa binti mzima wa kaka yangu kanifundisha kusalimia ukuta, hajanifundisha kitu ninachokihitaji. Nifundishe kuanguka."

Haya, jibu lako limepita, na viatu liliviacha chini ya kiti.

Mjusi akakimbia magodoroni. "Shangazi, kidevu kifuani. Mkono usiutume mbele, ukunje. Bega hili ligusane na godoro, uende mshazari mpaka nyonga ya pili."

"Mshazari mimi nitaupata wapi kwa mwili huu?"

"Upo, shangazi. Nimekupima suruali, naujua."

Watu waliokuwa getini wakageuka. Shangazi akajiachia, akaanguka puu, kama gunia la chumvi, akabaki anatazama mawingu. Ua mzima ukacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Akasimama. Akakunja mkono, akaficha kidevu, akajiachia tena, na safari hii mwili ukazunguka wenyewe, begani, mgongoni, nyongani, akajikuta amesimama, soksi moja imemtoka, hajui imekuwaje.

Makofi yalivyolipuka, njiwa waliokuwa kwenye paa la bohari waliruka wote. Wa kwanza kupanga foleni alikuwa mwenye kofia.

"Si ulisema tumeosha akili?" Nzige akamuuliza.

"Nilisema. Sasa niangushe."

Wakaangushana mpaka mchana. Mama wakawaangusha binti zao, binti wakawaangusha mama. Bomba liliporudi, watu wenyewe walibeba ndoo kusuuza majukwaa, wakipokezana kwa mstari. Pengo halikurukwa, na hakuna aliyeliulizia tena.

Watu walipokwisha kutawanyika, mzee akaja. Mjusi akasimama wima, moyo ukarudia cherehani.

"Kuna aliyevunjika?"

"Kishikizo cha shangazi, mzee. Cha suruali."

"Kishikizo si ukucha," mzee akasema, akaondoka zake na funguo zake.

Akatembea taratibu kuelekea nje. Geti lilikuwa limeachwa wazi lote, hata lori lingepita. Mzee akalifikia, akasita, akapinda pembeni, akasimama mbele ya ukuta mfupi. Akaweka kiganja. Akapapasa, akanusa vidole. Akaweka mguu, akakandamiza. Kisha akalala tumbo juu ya ukuta, akavusha mguu mmoja, akahema, akavusha wa pili, funguo zikilia kiunoni, akatokea upande wa pili na shati limejaa chokaa.

Nzige alifungua mdomo, shangazi akamfinya. Mjusi akasogea mpaka ukutani.

"Mzee," akasema polepole, "geti si liko wazi?"

Mzee alijipangusa shati. Akachomoa ufunguo mmoja kwenye kile kifungu, akauweka juu ya ukuta, upande wa Mjusi.

"Nilitaka kuona kama bado naweza."