Kamba ya Mama Dobi

Mama Dobi alifunga kamba kutoka kwenye kitasa cha jikoni hadi dirisha la sebuleni, akaanza kuanika maneno ya asubuhi. Tangu mwanawe alipomleta kwenye ghorofa hili la ughaibuni ili asizeeke peke yake, kila neno la lugha yake lililokosa jibu lilimtoka limelowa chepechepe. Hakushangaa. Alikuwa amefua nguo za watu maisha yake yote, na kitu kilicholowa huanikwa.

Maneno mepesi, kama "umeamkaje" na "chai tayari," yalikauka kabla ya adhuhuri. "Nimemwota marehemu baba yako" lilikaa siku mbili na kuacha uvundo. Nesi wa kliniki alipomuuliza anajisikiaje, alijibu kwamba yu mzima, kwani ndilo jibu pekee alilolijua kwa lugha ya huko. Nesi akaridhika. Upweke wenyewe ulibaki nyumbani, kwenye kamba, unachuruzika.

Lililogoma kabisa ni "kaa nami kidogo." Alilikamua mpaka viganja vikamuuma, wapi! Basi akaamua. Alilitundika mlangoni kwa kamba nyingine, usawa wa uso wa mwanawe, ili bwana mkubwa asipite bila kukutana nalo.

Mwana aliporudi kutoka kazini, likamzaba usoni. Akajifuta kwa mkono wa shati, akasema kwa lugha ya huko kwamba nyumba inavuja, kisha akampigia simu fundi bomba.

Fundi alikuja kesho yake jioni. Alikagua mabomba, akaishika kamba, akamgeukia mwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alisema Mama Dobi, na neno likatoka kavu, lina joto la pasi. Alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Mengine haya naweza kukusaidia kuyajibu, mama. Lakini hili la mlangoni siliwezi. Si langu."

"Liache hapo hapo. Mwenyewe anakaa humu humu."

Fundi akamweleza mwana kwa lugha ya huko kwamba mabomba ni mazima. Mwana alimshukuru, akamsindikiza hadi kwenye lifti.

Tangu siku hiyo mwana akawa anainama akipita mlangoni. Mama Dobi alimtazama mara ya kwanza, akamtazama mara ya pili. Kisha akavuta kiti, akafungua fundo, akaishusha kamba ya mlangoni hadi pale mwanawe anapoinamia.